Vibao vinne vimenyamaza: je, bodi imekufa?

Swali: Shikamoo fundi. Napiga kinanda kwenye kwaya ya kanisa moja njia ya kupanda Kibosho, Moshi. Kinanda chetu ni Yamaha, mfululizo wa PSR-E, vibao 61, tulikinunua kikiwa kimeshatumika. Sasa vibao vinne havitoi sauti: viwili vimekaa jirani karibu na C ya katikati, cha tatu kiko oktava ya juu yake, cha nne kiko karibu na mwisho wa mkono wa kulia. Kuna A moja ambayo hata nikiigusa kwa upole inapiga kelele kuliko zote. Zaidi ya hapo kinanda kinajizima mahubiri yakiendelea, spika za kanisa zina mngurumo usiokoma, na pedali mpya inafanya kinyume: nikikanyaga sauti inakatika, nikiachia inavuta. Fundi mmoja alikisikiliza dakika tano akasema bodi kuu imekufa, tutafute kingine. Kamati ya kwaya imeshaanza kuchangisha. Je, tununue?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Waambie kamati wasimamishe mchango kwa wiki mbili. Nimesoma maelezo yako mara tatu na sijaona mahali popote ambapo bodi kuu inastahili kulaumiwa. Ulichonieleza ni matatizo kadhaa yasiyohusiana, yaliyokutana kwenye kinanda kimoja, na mawili kati yake si ubovu hata kidogo. Bodi kuu ikifa, kinanda hakiwaki. Au kinawaka skrini ikajaa alama zisizoeleweka. Au kinawaka vizuri lakini hakitoi sauti yoyote. Haikai ikapiga vibao 57 sawasawa, kisha ikachagua vinne vya kuvinyima sauti.

Kuna jaribio la dakika moja la kuthibitisha hilo, wala halihitaji bisibisi. Washa kinanda, bonyeza batani iliyoandikwa DEMO, uache nyimbo zilizomo ndani zijipige zenyewe. Nyimbo hizo hazipiti kwenye vibao. Zinatoka kwenye kumbukumbu, zinapita kwenye saketi inayotengeneza sauti, zinaingia kwenye kikuza sauti, zinatokea kwenye spika. Zikisikika safi mwanzo hadi mwisho, basi njia nzima hiyo ni nzima, na ugonjwa uko mahali pamoja tu: kati ya kidole chako na bodi kuu. Jaribio hili lingetakiwa kufanywa kabla ya mtu kutamka neno "kununua".

Kabla sijaendelea, jambo la lugha. Wapiga kinanda wengi huviita vile vyeupe na vyeusi "kii", lakini kwaya nazo husema "wimbo huu uko kii ya G". Ili tusichanganyane nitasema vibao.

Sasa chukua karatasi ya daftari, chora miraba 61, ukianzia kushoto. Chagua sauti ya piano ya kawaida. Zima midundo na uzime ACMP, yaani batani ya usindikizaji wa kiotomatiki, maana ikiwa imewashwa vibao vya mkono wa kushoto vinageuka kuwa vya kutambua kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) na havilii kama kawaida. Nimeshaletewa kinanda kizima kabisa kutoka Usa River kwa sababu hiyo peke yake. Angalia pia kwamba kinanda kimewekwa kuitikia nguvu ya kidole, yaani ile mipangilio ya TOUCH. Kisha piga kibao kimoja kimoja, vyeupe na vyeusi kwa mfuatano bila kuruka, mara mbili kila kimoja: kwanza kwa upole kama unaamsha mtoto, pili kwa nguvu ya kawaida. Andika alama: kinalia sawa, hakilii kabisa, kinalia ukikandamiza tu, kinapiga kelele hata kwa upole. Usifanye haraka. Karatasi hiyo ndiyo kipimo chako, na ukinifuata vizuri utaona kwamba inajibu swali lako karibu lote.

Ili uisome karatasi hiyo lazima ujue kilicho chini ya kibao. Hakuna waya unaopigwa wala nyundo. Chini ya kila kibao kuna kibonge laini cha raba, na tumboni mwa kibonge hicho kuna vidoti viwili vyeusi vya kaboni. Chini ya raba kuna bodi ndefu nyembamba yenye michoro inayopitisha umeme, nayo imekatika makusudi mahali ambapo kila kidoti kitatua. Ukibonyeza, raba inabonyea, kidoti cha kwanza kinagusa na kuunganisha mchoro wake, na kitambo kidogo baadaye cha pili nacho kinagusa. Kinanda hakipimi uzito wa kidole chako. Kinapima muda uliopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Ukipiga kwa nguvu, muda huo ni milisekunde chache. Ukipiga kwa upole, unafika makumi ya milisekunde. Muda mfupi kinautafsiri kuwa sauti kubwa, muda mrefu sauti ndogo.

Ukishaelewa hapo, ile A yako inayopiga kelele inakuwa haina fumbo. Kidoti chake cha kwanza kina vumbi. Kinapogusa, umeme haupiti. Unapita pale tu raba inapozidi kubonyea, na wakati huo cha pili nacho kinakaribia kugusa. Kinanda kinaona miguso miwili iliyokaribia kufika pamoja, kinadhani umepiga kwa nguvu zote, kinatoa sauti kubwa kuliko zote. Uchafu ukizidi, mguso mmoja hausomeki kabisa, na kibao kinanyamaza. Kwa maneno mengine, A yako ya kelele na vibao vyako vinne vya kimya vina ugonjwa mmoja, ila viko kwenye hatua tofauti. Vile ambavyo kwenye karatasi umeandika "kinalia ukikandamiza tu" ndivyo vitakavyofuata kunyamaza, kwa hiyo vihesabu kuwa wagonjwa leo.

Huku kwetu jambo hili ni la kila wiki. Udongo wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru ni wa volkano, na ukikauka unakuwa unga laini unaoelea hewani muda mrefu. Kuanzia Juni hadi Oktoba, gari moja likipita barabara ya vumbi nje ya kanisa lenye madirisha wazi, vumbi hilo linatua juu ya kila kitu, na katikati ya vibao kuna nafasi za kutosha kuliingiza. Kisha masika inakuja, Machi hadi Mei, unyevu unaligandisha. Hapo ndipo wateja wengi huniambia kinanda "kimeharibika ghafla", wakati kimekuwa kikijaa vumbi tangu kiangazi kilichopita. Ongeza mende, wanaopenda joto la ndani ya kinanda na kuacha uchafu wao juu ya michoro ile ile.

Lakini usikimbilie kusafisha kabla hujatazama mpangilio wa vibao vilivyokufa. Kinanda cha vibao 61 chenye miguso miwili kwa kila kibao kina miguso 122, na hakuna kiwanda kinachopeleka waya 122 kwenye bodi kuu. Wanatumia gridi, kama mitaa ya mji iliyopangwa kwa mistari: mistari kadhaa inakwenda huku, mistari mingine inaikata, na kila mguso unakaa kwenye njia panda yake. Mistari minane ikikatwa na mistari kumi na sita unapata njia panda 128, zinazotosha miguso 122. Sasa fikiria mstari mmoja umekatika. Havifi vibao viwili au vitatu, vinakufa vyote vilivyo kwenye mstari huo, na vinakufa kwa utaratibu: ama kundi la vibao sita au nane vinavyofuatana, ama kimoja kila baada ya hatua zile zile kutoka chini hadi juu ya kinanda.

Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kuletewa mezani kwangu Ngarenaro, Arusha, kinanda kilichokuwa kimesafishwa na watu wawili kabla yangu. Raba zilikuwa safi kuliko za dukani. Nilichora miraba yangu, nikakuta kila kibao cha nane kimekufa, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Raba haichakai kwa hesabu namna hiyo. Nikafuata ile kebo bapa inayotoka kwenye bodi ya vibao kwenda bodi kuu, nikakuta njia yake moja imepasuka pale ilipokunjwa ili kifuniko kifunge. Nilichomelea waya mmoja mwembamba, urefu wa kidole, kikarudi kupiga. Mwenye kinanda alikuwa ameshaambiwa mara mbili akitupe.

Kwako wewe vibao viwili ni jirani, cha tatu kiko mbali, cha nne mbali zaidi. Ukihesabu hatua kati yake na zisilingane, huo si mstari. Ni vumbi lililotua lilipotua. Tena vile viwili jirani viko karibu na C ya katikati, sehemu inayopigwa kuliko zote katika nyimbo za kwaya, kwa hiyo hapo raba pia imechoka zaidi. Kuna dalili nyingine ya kuiangalia kwenye karatasi yako: ukipiga kodi ya vibao vitatu ukasikia noti ya nne ambayo hujaigusa, hiyo ni diodi iliyopitisha umeme wa kurudi nyuma. Kila njia panda ina diodi yake ndogo ya kuzuia hilo. Hiyo mwachie fundi mwenye mita na mkono mtulivu wa kuchomelea.

Tufike kwenye kusafisha. Kinanda chako kinatumia adapta ya nje, kwa hiyo ndani hakuna umeme wa 230 V. Ukishachomoa adapta na kutoa betri, unaweza kukifungua bila hatari. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ya wengine watakaosoma: ikiwa waya wa ukutani unaingia moja kwa moja kwenye kinanda bila adapta, usikifungue mwenyewe. Ndani yake umo umeme wa ukutani, na kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa.

Tandika blanketi mezani, laza kinanda kifudifudi. Skrubu za chini ni nyingi na urefu wake haufanani. Ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa upande wa pili. Chora umbo la kinanda kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila skrubu pale ilipotoka. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa kabla ya kuchomoa kebo yoyote. Kifuniko kikilegea usikivute kwa pupa, kwa sababu waya za spika mara nyingi zimeunganisha nusu mbili. Kebo bapa usizishike waya zake. Shika soketi, na kama soketi ina kifungio kidogo kifungue kwanza.

Kwa vinanda vingi vya aina hii huhitaji kung'oa vibao vyenyewe. Bodi ya michoro imefungwa kwa skrubu ndogo upande wa chini wa safu ya vibao. Ukizitoa, bodi inainuka na raba unaziona, mikanda mirefu, kila mmoja ukibeba takriban oktava moja. Utaliona vumbi kwa macho yako. Kwanza liondoe likiwa kavu, kwa brashi laini ya kupakia rangi, iliyo mpya. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina mate.

Kusafisha michoro ya bodi tumia ile spiriti ya isopropili ya mafundi simu, iliyo karibu asilimia 100. Spiriti ya duka la dawa ya kusafishia vidonda ina maji zaidi na wakati mwingine mafuta. Ukiikosa kabisa ile nyingine, itumie, ila ukaushe muda mrefu zaidi. Lowesha pamba isiyotoa nyuzi, au kitambaa cha kufutia miwani, pitisha kwa upole kwenye michoro mpaka kitambaa kisichafuke tena. Vidoti vya kaboni kwenye raba vipitishe kitambaa kikavu kwanza. Vikibaki na utando, kilowanishe kidogo sana. Usiviguse kwa kidole, mafuta ya ngozi yanabaki pale. Na tafadhali, mwalimu, hapa ndipo vinanda vingi vinapouawa: hakuna msasa, hakuna wembe, hakuna thina, hakuna petroli, hakuna mafuta ya kulainisha bawaba. Kaboni ni tabaka jembamba, ukilikwangua limekwenda. Thina na petroli zinaivimbisha raba. Nimefungua pia vinanda vilivyobandikwa karatasi ya fedha ya sigara chini ya raba, kama watu wanavyofanya kwenye rimoti. Inalia wiki mbili, kisha gundi inakakamaa, karatasi inakwangua mchoro wa bodi, na tatizo la raba linakuwa tatizo la bodi.

Kabla ya kurudisha, fanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi. Chukua mkanda wa raba wa oktava ya katikati, ile yenye vibao vyako viwili vilivyokufa, na ule wa oktava ya chini kabisa. Ukiona vimefanana umbo na idadi ya vibonge, badilisha: wa chini uje katikati, wa katikati uende chini. Sababu ni mbili. Kwanza ni kipimo. Ikiwa baada ya kufunga ugonjwa umehamia chini pamoja na raba, raba ndiyo mbovu. Ikiwa umebaki pale pale katikati, raba haina kosa, tafuta mchoro uliokatika au diodi. Pili ni tiba. Oktava ya chini kabisa kwaya haiigusi mara kwa mara, hivyo raba yake huwa ingali na kaboni nzima, na ile iliyochoka inahamia mahali ambapo haitahangaishwa. Kwa njia hii kinanda kinaongeza miaka bila kununua chochote.

Raba zinashikiliwa na vichuchu vidogo vinavyopenya kwenye matundu ya bodi. Visukume taratibu kwa kijiti cha meno kilichotolewa ncha, kimoja kimoja, mpaka mkanda ulale sawa. Ukiacha kimoja hakijaingia, kibao hicho kitakuwa kigumu au kitajipiga chenyewe. Acha kila kitu kikauke nusu saa, funga bodi, unganisha kebo, jaribu vibao vyote 61 kabla ya kurudisha skrubu za nje.

Kujizima wakati wa mahubiri: hapo hakuna ugonjwa. Vinanda vya PSR-E vya miaka ya karibuni vimewekewa kujizima vyenyewe visipoguswa kwa dakika 30 ili kuokoa umeme, na mahubiri ya Jumapili huvuka dakika 30 bila shida. Ulivyosema kinajizima mahubiri yakiendelea, ndipo nilipojua. Kizime, shikilia kibao cha mwisho kabisa mkono wa kushoto, kisha ukiwashe ukiwa bado umekishikilia, na kujizima huko kutaondolewa. Unaweza pia kuingia kwenye mipangilio ya FUNCTION ukatafuta Auto Off. Iwapo baada ya hapo kitazimika ukiwa unapiga, hilo ni jambo jingine: tikisa kidogo plagi ya adapta pale inapoingia. Kikizimika na kuwaka, soketi imelegea risasi yake ya kuchomelea kwenye bodi kwa kuvutwa vutwa na kuhamishwa. Kuirudishia risasi ni kazi ya muda mfupi kwa fundi yeyote wa redio.

Wakati tuko hapo, soma maandishi ya adapta yenu, kwa sababu kinanda kilichonunuliwa kikiwa kimetumika mara nyingi huja na adapta isiyo yake. Vitu vitatu: volti lazima zilingane na zilizoandikwa kwenye kinanda, ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue, na kile kimchoro cha duara chenye alama ya kujumlisha na kutoa kifanane. Adapta ya Yamaha ya PA-150 ni 12 V, 1.5 A, chanya iko katikati. Casio za zamani zinazotumia AD-5 ni 9 V na katikati ni hasi. Plagi zinaweza kuingiliana vizuri kabisa huku umeme ukiwa umepinduka.

Pedali nayo ni rahisi. Kinanda kinapowaka kinaisoma pedali na kuchukulia kwamba hali iliyopo wakati huo ni ya kutokanyagwa. Mtu akiwa ameikanyaga, au ikiwa imebanwa na mguu wa stendi, kinasoma kinyume. Zima, chomeka pedali, hakikisha haijaguswa, washa. Ikiwa bado ni kinyume, igeuze pedali uangalie chini yake. Nyingi zina swichi ndogo ya kubadilisha.

Mngurumo unahitaji uvumilivu kidogo, kwa sababu vyanzo ni vitatu na hufanana masikioni. Weka betri kwenye kinanda, chomoa adapta, acha kebo ya kwenda mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ilivyo. Mngurumo ukiisha, umeingia kwa njia ya umeme: ama adapta ni duni, ama vifaa vimechomekwa kwenye soketi za pande tofauti za kanisa na ardhi zake hazilingani. Chomeka kinanda, mikisa na kikuza sauti kwenye ekstensheni moja yenye ardhi uone. Usikubali mtu akate au aache nje pini ya ardhi ya kikuza sauti ili kuondoa kelele. Inaondoa kweli, lakini siku waya wa ndani ukigusa kasha la chuma, mwimbaji aliyeshika maikrofoni ndiye atakayepokea umeme. Kama ekstensheni moja haikutosha, tafuteni boksi la DI, kisanduku kidogo cha kupitishia sauti, lenye transfoma, likae kati ya kinanda na mikisa. Linakata njia ya ardhi bila kumhatarisha mtu.

Betri zisipobadilisha kitu, tazama kebo. Kinanda chenu kinatolea sauti kwenye tundu la hedifoni, ambalo ni la stirio. Makanisa mengi yanachomeka hapo kebo ya gitaa, yenye pete moja tu nyeusi kwenye ncha. Kebo hiyo inaunganisha upande wa kulia na ardhi, na kikuza sauti kidogo cha ndani kinakaa kikihangaika ibada nzima. Nunueni kebo yenye ncha ya stirio upande mmoja, pete mbili nyeusi, na ncha mbili za mono upande wa mikisa. Kebo hiyo isilale sambamba na waya wa umeme; ikibidi zikutane, zikatane kama msalaba. Sauti ya kinanda iweke robo tatu, kisha ndipo upandishe ya mikisa. Kinanda kikiwa chini sana na mikisa juu sana, unachokuza ni mngurumo.

Na ikiwa siku moja spika za ndani ya kinanda zitanyamaza wakati kwenye mikisa sauti ipo, kumbuka tundu hilo hilo. Ndani yake kuna kibati kinachokata spika za ndani ncha inapoingia, na kikichakaa hubaki kimekata hata usipochomeka kitu. Ingiza na kutoa ncha ya jeki mara kumi au zaidi. Mara nyingi kibati hurudi.

Umeme ukikatika katikati ya ibada, mtu mmoja wa kwaya apewe jukumu la kuchomoa adapta papo hapo, kwa sababu unaporudi huja na kishindo. Jenereta iwashwe kwanza, itulie, ndipo kinanda kichomekwe. Kwenye njia ya Kibosho umeme ukisumbua mara kwa mara, betri sita nzuri za alkalini zinampa mwalimu utulivu kuliko stebilaiza ya bei nafuu. Ila zitoeni zisipotumika, zikivuja zinakula vibati vya ndani.

Baada ya ibada kifunikeni kwa kitenge kizito kilichofika mpaka kwenye miguu ya stendi. Nailoni msiitumie: mwezi Julai kule juu asubuhi kuna ukungu, nailoni inafungia unyevu juu ya vibao, na mtarudi pale pale.

Pesa iliyokwishachangwa inunue kebo ya stirio, chupa ya isopropili na, ikibaki, boksi la DI. Nitumie picha ya ile karatasi ya miraba 61 kabla hujafungua skrubu ya kwanza, na nyingine baada ya kufunga. Nataka hasa kuona ile A: ukiigusa kwa upole ikalia sawa na G na B zilizo pembeni yake, raba zimekaa. Ikiendelea kupiga kelele pale pale hata baada ya kubadilisha mikanda, usiendelee kusugua. Kifunge kwenye blanketi, kipakie kwenye basi la asubuhi, Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 tu, nami nitakuwa nimeshajua kutoka kwenye karatasi yako ni diodi ipi ya kuanza kuipima.